Mitaa ya La Paz: nianzie juu au chini?

SWALI: Mhariri, mwezi ujao nina safari ya kikazi La Paz, Bolivia, na nitabakiwa na siku tatu. Nataka kuona mitaa ya kila aina, si katikati ya mji tu. Nianzie wapi, na nitasafirije bila Kihispania?
Msomaji, Arusha

JIBU: Ndugu msomaji, panga mitaa kwa mwinuko, si kwa umaarufu. Uwanja wa ndege uko El Alto, mji ulio juu ya La Paz, mita 4,061 juu ya usawa wa bahari. Hapo umeipita kambi ya Horombo ya Kilimanjaro kwa zaidi ya mita 300, na Horombo mtu huifikia siku ya pili ya kupanda. Hapa ndege inakushusha mwili haujazoea hewa nyembamba ya huko juu. Kwa hiyo usilale El Alto. Teremka moja kwa moja hadi Zona Sur, kwenye mitaa ya Calacoto na San Miguel, takriban mita 3,300. Kuna joto zaidi, na siku ya kwanza tembea polepole.

Siku ya pili nenda katikati: Plaza Murillo, kisha Calle Sagárnaga na Linares. Huko wanauza mitishamba na vijusi vilivyokaushwa vya llama, mnyama wa jamii ya ngamia, ambavyo watu huvifukia chini ya msingi wa nyumba mpya kama sadaka kwa Pachamama, mama ardhi. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha. Sagárnaga ni mwinuko mkali. Kichwa kikiuma na kichefuchefu kikianza, usiendelee kupanda; visipotulia, rudi chini.

Siku ya tatu ndiyo ya magari ya kebo. Kila njia ina rangi yake, kwa hiyo lugha haitakusumbua. Panda ya kijani kituo cha Irpavi hadi Libertador, badili uingie ya njano hadi Mirador, kisha ya fedha hadi 16 de Julio, halafu teremka na nyekundu mpaka Estación Central. Ukiwa kwenye ya fedha, tazama majumba ya rangi kali ya El Alto. Mtindo huo umetokana na kazi za msanifu majengo Freddy Mamani. Kwenye nyekundu unapita juu ya makaburi makuu: vijumba vilivyopangwa ghorofa kwa ghorofa, kila kimoja na kidirisha cha kioo chenye maua. Nenda asubuhi, kwa sababu radi ikipiga, magari ya kebo husimamishwa.

Siku hiyo ikiangukia Alhamisi au Jumapili, shuka 16 de Julio uone gulio. Ni kubwa mno, na wezi wa mifukoni wapo. Begi livae kifuani.

Akikujia mtu aliyevaa kiraia akidai ni polisi, akataka pasipoti na kukuambia uingie teksi, usiingie. Ni utapeli wa siku nyingi. Ingia duka au hoteli iliyo karibu. Tembea na nakala ya pasipoti.

Kuhusu acetazolamide, vidonge vya kuzuia ugonjwa wa mwinuko, muone daktari kabla ya kuondoka. Chai ya koka, mmea unaotolewa kokeini, ni halali kule, ila usirudi nayo hata pakiti moja.