Ladha ya chuma kwenye maji: ziba pua kwanza

Mkuu, umeuliza kwa nini maji ya kisima kirefu hapo Nala, Dodoma, yana ladha ya chuma kwako, na wenzako nyumbani hawaisikii. Kabla ya kulaumu ulimi, ziba pua.

Chuma chenyewe hakina mvuke. Kikiwa kimeyeyuka majini, hushambulia mafuta yaliyomo mdomoni, na hapo hutoka hewa zenye harufu kali zinazopanda puani kupitia nyuma ya koo. Ni kama harufu inayobaki kiganjani ukishika nondo: hiyo nayo hutokana na mafuta ya ngozi yako. Ndiyo maana mwenye mafua anaweza asiisikie kabisa.

Tumia glasi, si kikombe cha bati. Usichemshe maji, maana chuma kitaganda na kuzama. Sukutua kwa maji ya chupa, ziba pua, shika funda moja mdomoni sekunde 10, uteme. Funga mdomo, achia pua, toa pumzi puani. Ladha ikizuka hapo ghafla, huenda ni chuma. Ukisikia ukakasi, kama wa ndizi mbichi, pua ikiwa bado imezibwa, shuku shaba au zinki. Chumvi ya maji yetu ya Dodoma nayo husikika pua ikiwa imezibwa, usiichanganye na hayo. Wengi hukosea kwa kurudia haraka: ladha hii hung'ang'ania, subiri dakika kadhaa.

Sasa thibitisha kwa macho. Jaza ndoo nyeupe jioni, funika kwa kitambaa chepesi. Maji yaliyotoka meupe yakiamka na tope la rangi ya kutu, jibu umelipata. Chai ya rangi nayo hugeuka nyeusi kama wino. Chuma kikizidi miligramu 0.3 kwa lita, nguo nyeupe hushika madoa; chini ya hapo kwa kawaida hata ladha haisikiki.

Linganisha maji ya kwanza ya asubuhi na yale ya baada ya bomba kutiririka dakika 5. Ladha ikiwa kwenye ya kwanza tu, tatizo ni bomba la nyumbani. Ikiwa kote, ni kisima: mimina ndoo hadi ndoo mara kadhaa yapate hewa, yatuame usiku kucha, chuja, ndipo uchemshe.

Na kama hata maji ya chupa yana ladha hiyo, angalia fizi zinazotoka damu, ujauzito, dawa kama metronidazole au vidonge vya madini chuma. Dawa usiikatishe, muulize kwanza mfamasia.