Maikrowevu ikilia usikimbilie kula, subiri kwanza

Natumia maikrowevu karibu kila siku mwaka wa tisa huu na kitu ambacho natamani ningeambiwa mapema ni kwamba kazi haiishi pale inapolia. Mimi nilijifunza kwa kuungua.

Ilikuwa asubuhi nina haraka, nikaweka maji kwenye kikombe cha kioo kipya kisichokuwa na mkwaruzo hata mmoja, dakika nne, nikafungua nikakuta maji yametulia tuli hayana hata povu, nikajua bado, basi nikatumbukiza kijiko chenye kahawa afu nirudishe. Yale maji yakaripuka palepale, nusu ya kikombe ikaruka ikanipata mkononi, vidole vitatu vikatoka malengelenge. Kumbe maji yakiwa kwenye chombo laini sana yanaweza kupita nyuzi 100 bila kuchemka, yaani yamekaa kimya yanasubiri tu kitu kiyaguse. Toka siku hiyo naweka kijiti cha mbao ndani ya kikombe kabla sijawasha, sizidishi muda, na ikishalia naacha dakika nzima ndo naondoa. Na ukiungua weka mkono kwenye maji ya bomba yanayotiririka dakika 20, achana kabisa na dawa ya meno wala siagi.

Sasa kwanini nasema subiri hata kwa chakula. Maikrowevu inatoa mawimbi yanayotikisa maji yaliyomo kwenye chakula ndo joto linatokea, lakini hayafiki mbali, sentimita mbili tatu hivi, katikati panapata joto la kusambaziwa na pembeni. Afu hayagawanyiki sawa, ndo maana unakula wali kijiko hiki kinakuunguza ulimi kinachofuata cha baridi kabisa. Hiyo sehemu ya baridi ndo ya kuogopa maana bakteria wanabaki hai humo. Mimi napanga chakula kwa duara naacha shimo katikati, nanyunyizia maji kidogo, nafunika bila kubana, nusu ya muda nasimamisha nakoroga, ikiisha naacha dakika mbili joto lisambae. Kiporo cha nyama nakipima na kipimajoto, katikati kifike nyuzi 74. Na unapofunua, funua upande wa mbali na uso, ule mvuke unaunguza kuliko unavyofikiria.

Maziwa ya mtoto mchanga usipashe humo, tafadhali sana. Chupa kwa nje unaishika ya uvuguvugu kumbe ndani kuna sehemu inachemka. Weka chupa kwenye bakuli la maji ya moto, inachukua muda kidogo lakini mtoto anakuwa salama.

Kuyeyusha nyama iliyoganda kunawashinda wengi kwa sababu wanaweka nguvu zote. Barafu haipokei yale mawimbi vizuri kama maji, kwahiyo kipande kidogo kikishayeyuka kinaanza kupokea joto peke yake, unakuta pembeni pameiva na katikati bado jiwe. Shusha nguvu mpaka asilimia 30 hivi. Sikiliza utasikia mngurumo unakuja unapotea, mashine nyingi zinawaka na kuzima zenyewe kwa zamu, na pale inapozima ndo joto linapata nafasi ya kuingia ndani. Ikishayeyuka ipike hapohapo, usiirudishe kwenye friji.

Vitu vya kutoweka mnavijua wengi: sahani yenye urembo wa dhahabu, karatasi ya foili, yai na ganda lake, chombo kilichofungwa kikabana. Usiwashe ikiwa tupu pia, mawimbi yakikosa cha kupasha yanarudi kuharibu mashine. Moto ukitokea ndani usifungue mlango! Zima, chomoa waya, moto utakosa hewa ufe wenyewe.

Kuhusu mionzi naulizwa sana. Ukizima hakuna kinachobaki kwenye chakula, ni kama taa tu, ukizima mwanga haubaki chumbani. Ule wavu kwenye kioo unazuia mawimbi yasitoke. Ila mlango ukipinda au usipofunga vizuri, acha kuitumia mpaka fundi aione, na wewe usifungue bodi mwenyewe hata kama umechomoa waya kwasababu kapasita ya ndani (kifaa kinachotunza umeme) inaweza kubaki na umeme wa volti 2,000 na zaidi, huo unaua.

Usafi ni rahisi, bakuli la maji na vipande vya limao dakika tatu, acha tano bila kufungua (kumbuka kile kijiti cha mbao), afu pangusa. Angalia na kile kibao chepesi cha rangi ya kijivu au kahawia ukutani kwa ndani, watu wengi wanadhani ni karatasi ya kiwandani wanakibandua. Usikitoe, ndo kinazuia mafuta yasiingie pale mawimbi yanapotokea. Kipanguse taratibu, na ukiona kimeungua doa jeusi kinatoa cheche, badilisha kabla hujawasha tena.