Msimu wa mafanikio? Ngojeni usajili ufungwe kwanza

Wiki hii mmetuuliza wasomaji: taja msimu mmoja wa timu yako unaouita wa mafanikio, kisha useme umeupima kwa kipimo gani. Nililisoma swali lenu kwa sauti barazani kwetu Ngamiani, baada ya magharibi, na nikajuta. Kahawa ya birika zima ilipoa watu wakibishana, na kahawa iliyopoa haina mnunuzi.

Mimi ni muuza kahawa. Birika juu ya jiko la mkaa, vikombe ndani ya ndoo ndogo ya maji, kashata kwenye sinia chini ya kitambaa. Kikombe shilingi mia. Siku za mechi nahamia karibu na uwanja wa Mkwakwani, siku nyingine niko hapahapa, na mwenye birika husikia mengi kuliko mwenye redio. Timu yangu ni Coastal Union ya hapa Tanga, tunayoiita Wagosi wa Kaya, na sina timu ya pili. Nalisema hilo mapema kwa sababu hapa Tanga ni jambo la kutajwa. Wengi wanaokunywa kahawa yangu wana Coastal mkono wa kulia na Simba au Yanga mkono wa kushoto, na siku timu zao mbili zikikutana ndipo utakapojua mtu anakula kwa mkono upi.

Tunaye mzee tunayemwita Babu Themanini na Nane. Jina lake hasa vijana hawalijui. Kwake msimu wa mafanikio ni mmoja tu, 1988, Coastal ilipotwaa ubingwa wa Tanzania, na yote yaliyofuata ni maji ya kunawia. Ukimtajia nafasi ya nne anakuuliza, "Ya nne kuanzia wapi?" Ataanza na Mohamed Mwameja langoni, atashuka taratibu mpaka kwa Juma Mgunda, na akifika kwa Mgunda hasimulii tena, anasimama. Kanzu anaikusanya kwa mkono mmoja, kandambili anazivua, anaonyesha jinsi mpira ulivyotulia kifuani. Mpira wenyewe haupo, lakini nimeshamwona mtu akiukwepa usimpige.

Simdharau. Timu ilianzishwa 1948, ubingwa umekuja mara moja, na aliyeushuhudia ana haki ya kuringa nao. Shida ya kipimo chake ni kwamba sisi tuliozaliwa baada ya mwaka ule hatujawahi kuwa na msimu mzuri hata mmoja. Tunaishi kama wajukuu wanaoonyeshwa kila siku shamba ambalo babu alishaliuza.

Upande wa pili yupo dereva wa bajaji. Huyu hapimi kuanzia juu, anapima kuanzia chini, na mwaka wake ni 2016. Ule mwaka timu tatu zilishuka kutoka Ligi Kuu, na zote tatu zilikuwa za mkoa wa Tanga: Coastal, African Sports na Mgambo JKT. Mkoa mzima ukafagiwa kwa fagio moja. Ndugu zetu wa African Sports, wale Wana Kimanumanu ambao kwa kawaida tukishuka wao hucheka, safari ile hawakuwa na pa kuchekea. Tukakaa Daraja la Kwanza misimu miwili. Tulipopanda tena mwaka 2018 furaha ilituzidi mpaka tukamsajili Alikiba, ndiyo, huyohuyo mwimbaji, na siku zile niliuza kahawa kwa watu ambao mpira hawaujui hata unavyodunda. Kwa dereva wetu, basi, hesabu ni fupi: "Mgosi, tumo? Tumo. Basi msimu umefana." Anakunywa, analipa, anawasha chombo chake.

Aliyetukorofisha zaidi ni mwalimu mstaafu, maana yeye huja na daftari. Msimu wake ni 2023/24. Tulimaliza nafasi ya nne chini ya kocha David Ouma, nyuma ya Yanga, Azam na Simba, na tukapata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Kipa wetu Ley Matampi alitoka uwanjani mechi 15 bila kuruhusu bao, akachukua tuzo ya kipa bora mbele ya Diarra wa Yanga. Mwalimu anasema nafasi ya nne nyuma ya wale watatu ndiyo ubingwa wa wasio na pesa, na kwamba tukikataa kuuita mafanikio tunajidhulumu wenyewe. Dereva akamkumbusha kuwa kati yetu na aliyeshika nafasi ya tatu palikuwa na pengo la pointi zaidi ya 20. Mwalimu akafunga daftari akasema pengo hilo ni la benki, si la uwanjani. Hapo hata Babu alicheka.

Sasa mimi. Nilipowaambia msimu wangu ni 2020/21 waliniangalia kama mtu aliyetia chumvi kwenye kahawa. Msimu ule tulinusurika kushuka. Ligi ilipokwisha tulikuwa bado hatujui tutakuwa daraja gani, ikabidi tucheze mchujo na Pamba ya Mwanza ndipo tubaki. Nani mwenye akili zake anauita huo msimu wa mafanikio?

Rudini nyuma kidogo. Msimu wa 2019/20 tulikuwa na mabeki wawili wa kati ambao barazani kwetu waliitwa kwa pamoja, kama mapacha: Bakari Mwamnyeto na Ibrahim Ame. Washambuliaji wakubwa walikuja Mkwakwani wakaondoka wamenuna. Tulikuwa tunajidai nao. Dirisha la usajili likafunguliwa mwaka 2020, Mwamnyeto akaenda Yanga, Ame akaenda Simba. Dirisha moja, pacha mmoja Jangwani, mwingine Msimbazi. Baadaye Mwamnyeto akawa nahodha wa Yanga, na mimi nilifurahi kwa ajili yake. Mchezaji ana mama yake, ana nyumba ya kujenga, miguu yake haitakuwa na nguvu miaka yote. Siwalaumu waliokwenda. Nasema tu kilichotupata sisi tuliobaki: nyumba ikang'olewa nguzo mbili za kati, halafu watu wakaambiwa waendelee kulala humo humo.

Ndiyo maana msimu uliofuata tulijikuta kwenye mchujo. Haukuwa uzembe wa mwaka ule. Ilikuwa bili ya mwaka mzuri uliotangulia, imeletwa kwa aliyekuwepo nyumbani. Na waliokuwepo waliilipa. Jioni ya siku tulipowatoa Pamba hakuna aliyepiga kelele barazani. Babu alikaa na kikombe mkononi, hanywi, anakizungusha tu mpaka masimbi yakapanda ukingoni. Kisha akaja mtu mmoja, fundi cherehani wa mtaa wa pili, shabiki kindakindaki lakini mkono wa birika hasa, akaniambia, "Wahesabu wote, nalipa mimi." Tulikuwa 14. Sijawahi kumwona akilipia watu kahawa kabla ya hapo, wala baada ya hapo sijamwona.

Mwaka mmoja baadaye timu hiyohiyo iliyokuwa inachungulia shimo ilikuwa fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam, lile la hapa nchini, na Mgunda, yule wa Babu, akiwa kocha kwenye benchi.

Fainali ile ilichezwa Arusha, Julai 2, 2022, na aliyeitazama hahitaji kukumbushwa, ila niacheni niikumbuke mwenyewe. Televisheni ilitolewa dukani ikawekwa juu ya kreti za soda. Nyaya zilipita chini ya miguu yangu na jiko langu la mkaa lilikuwa kando yake, nikawa na macho mawili, moja kwa Yanga na moja kwa moto. Mshambuliaji wetu Abdul Sopu akafunga la kwanza. Yanga wakasawazisha, wakatupita. Dakika za mwisho kabisa Sopu akafunga la pili. Kwenye muda wa nyongeza akafunga la tatu, tukawa mbele 3–2, na hapo vikombe vyangu viwili vilivunjika na sinia la kashata likaenda chini. Sikumdai mtu. Nadhani kimoja nilikivunja mwenyewe. Yanga wakasawazisha tena ikawa 3–3, tukaenda kwenye matuta, tukafungwa 4–1.

Watu wengi walilala na huzuni ya kombe. Babu hakuwa nayo. Alipokuwa anatafuta kandambili zake chini ya benchi alituambia, "Huyo kijana mtazameni vizuri leo, kesho si wenu." Haukupita mwezi Sopu alikuwa Azam. Septemba kocha Mgunda naye akaitwa Simba. Aliyefunga mabao matatu dhidi ya Yanga kachukuliwa, aliyempanga kachukuliwa.

Kwa hiyo mtanisamehe nikisema msimu wa timu kama yetu hauhesabiwi siku ligi inapokwisha. Siku hiyo unaona tu mavuno yako shambani. Unahesabu siku usajili unapofungwa, ukijua magunia mangapi yamebaki ghalani na mangapi yamepakiwa lori la Dar es Salaam. Timu kubwa ikifanya vizuri, mwakani inaongeza. Ya kwetu ikifanya vizuri inavutia wageni, na wageni hawaji mikono mitupu wala hawaondoki mikono mitupu.

Tukirudi kwenye 2023/24 ya Mwalimu, naikubali nusu. Nafasi ya nne ni nafasi ya nne, hakuna anayeweza kuifuta. Lakini matunda yake yaliliwa lini, na aliyala nani? Agosti 2024 tulikwenda Angola tukafungwa 3–0 na Bravos do Maquis. Marudiano tukatoka 0–0, Afrika ikaishia hapo, na Ouma hakudumu baada ya hapo. Mechi ile ya marudiano haikuchezwa Mkwakwani. Mtoto wa Makorora au Chumbageni ambaye angetaka kumwambia mjukuu wake siku moja kwamba aliiona Coastal ikicheza kombe la Afrika kwa macho yake, hakuiona. Msimu huohuo wa 2024/25 hata Simba tuliwakaribisha Arusha. Tuliwakaribisha, nasema, kama mtu anayealika wageni nyumbani kwa jirani. Tukapigwa tatu. Birika langu halifiki Arusha.

Mwalimu alinijibu, na jibu lake sina budi kuliandika kwa sababu lilinikaa. Alisema kwa kipimo changu timu ingekuwa bora zaidi isiyotamaniwa na mtu, na kwamba nasifia mwaka wa shida kama masikini anayesifia njaa kwa kuwa imemfundisha kula kidogo. Alisema pia kuwa hao waliochukuliwa ndio tangazo letu: kijana wa Pangani au Muheza anakuja kufanya majaribio Coastal kwa kuwa anajua Mwamnyeto alipitia hapa. Nilikosa la kusema, nikajifanya nachochea mkaa.

Ana hoja. Lakini hakunihamisha. Sikusema shida ni nzuri. Ninachosema ni kwamba kushika nafasi ya nne ukiwa na kipa bora wa ligi ni kazi, na kubaki Ligi Kuu baada ya kung'olewa ukuta mzima ni kazi nzito zaidi, na hii ya pili haina tuzo, haina fulana, haina mtu wa kuisimamia barazani akavua kandambili aonyeshe ilivyokuwa. Sikumbuki hata mmoja wetu akitaja bao lililotubakisha. Ukiuliza barazani leo nani alicheza beki ya kati siku ile, watakutajia Mwamnyeto, ambaye alishaondoka zamani.

Basi jibu langu ni hilo, 2020/21, mlichape au mlicheke. Babu mwenyewe alikuwa amekataa kulisikiliza tangu nilipolianza. Aliendelea na Mwameja wake mpaka birika likabaki masimbi, akainuka, akasogea karibu, akaniuliza kwa sauti ya chini ili Mwalimu asisikie: "Na hawa wa sasa, nani anaondoka?" Nikamwambia bado hatujajua, dirisha liko wazi. Akanilipa mia yake, akasema atakuja kesho kuuliza tena.

Muuza kahawa, Ngamiani, Tanga