Miezi saba nilimeza dawa za vidonda vya tumbo, kumbe ni saratani ya ovari

Juzi binti mmoja wa Nansio, kisiwani Ukerewe, aliniandikia saa nane usiku. "Shikamoo mama. Mama yangu ana miaka 54, tumbo limejaa, akila matonge matatu anasema ameshiba. Ameshapewa dawa za minyoo na za vidonda vya tumbo. Sasa wajomba wanasema karogwa. Nifanyeje?" Nilimjibu palepale, ila usingizi haukurudi tena. Mama huyo ni mimi wa mwaka 2021.

Mimi ni mwanamke wa dagaa. Miaka kumi na minne niliuza jumla pale soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, na wewe unayenisoma najua unataka nilichokuwa nakitaka mimi: watoto wamalize chuo, nyumba ya Buswelu ipauliwe, uzee usikukute unaomba chumvi kwa jirani. Ndiyo maana tumbo lilipoanza kujaa sikulipa nafasi. Gauni zilibana, nikasema nimenenepa. Sato na ugali wa muhogo nikawa naacha nusu. Nikawa naenda haja ndogo kila baada ya muda mfupi, na kiuno kinavuta. Wateja wakaanza kunipa hongera ya mimba. Nilikuwa na miaka 46.

Zahanati moja, sitaitaja, ilinipa dawa za vidonda vya tumbo mara tano. Mara ya tatu wakaongeza za UTI. Kisha mtu akasema ni kichocho kimefika kwenye ini, nikameza na za kichocho. Simlaumu sana huyo wa mwisho, kwa sababu sisi wa ziwani tunakifahamu kichocho, na ni kweli kinaweza kulijaza tumbo maji. Lakini katika miezi saba hakuna hata mmoja aliyesema, mama panda kitandani tukuangalie ndani. Hilo bado linanichoma hadi leo.

Na mimi nilijidanganya kwa jambo ambalo wanawake wengi wanajidanganya nalo. Mwaka mmoja kabla nilikuwa nimepimwa shingo ya kizazi kwa siki, wakaniambia niko salama, nikatembea kifua mbele. Dada zangu, kipimo kile ni kizuri na nendeni, ila kinaangalia mlango wa kizazi tu. Ovari, yaani vifuko vya mayai ya mwanamke, ziko ndani kabisa, hakioni kitu huko. Kwa saratani ya ovari hakuna kipimo kama kile cha siki cha kuwapima wanawake wasio na dalili. Tunachobaki nacho ni dalili zenyewe, na dalili zake ni za kawaida mno: tumbo kujaa, kushiba upesi, maumivu ya nyonga au chini ya kitovu, mkojo wa mara kwa mara. Kwa hiyo wengi wetu tunafika hospitali imeshasambaa tumboni.

Aliyeniokoa ni mkunga mstaafu, jirani yangu. Alikuja kununua dagaa wa elfu mbili, akaniona ninavyohema. Akanishika tumbo juu ya kanga, akagonga kwa vidole upande huu na huu kama mtu anayechagua tikiti. "Mwanangu, haya ni maji. Kesho asubuhi altrasaundi. Usipitie sokoni." Bei ya kipimo hicho ilikuwa ndogo kuliko faida yangu ya gunia moja. Gunia moja!

Kikaonekana kivimbe kwenye ovari ya kushoto na maji mengi. Nikapanda kilima cha hospitali ya Bugando. Wakatoa damu, CA-125, kipimo cha damu ambacho mara nyingi hupanda kwa saratani hii, ikawa juu, wakanipiga picha za CT, wakachukua kipimo cha nyama, na kabla ya yote wakanitoa maji tumboni, lita sita, rangi ya chai ya rangi iliyopoa. Saratani ya ovari, hatua ya tatu. Mpango ukawa dozi tatu za kemo kwanza, halafu upasuaji wa kuondoa kizazi, ovari zote mbili na kila kilichoonekana, kisha dozi tatu nyingine. Dawa za kemo zenyewe ni karboplatini na paklitakseli, kila baada ya siku 21.

Nywele zilianguka, hilo mnalijua. Ambalo hakuna aliyeniambia ni vidole. Baada ya dozi ya nne vilikufa ganzi, na mimi kazi yangu ni vidole. Nilikuwa natia mkono kwenye dagaa nisijue kama ni dagaa au mchanga. Kuhesabu noti nikamwachia mwanangu wa kike, nikimwangalia tu. Mpaka leo ncha za vidole viwili hazijarudi vizuri.

Kitanda cha jirani alilala mama wa Sengerema, rika langu, ugonjwa uleule, dozi zilezile. Tulikuwa tunagawana uji. Baada ya dozi ya tatu uvimbe wake ulikuwa umesinyaa, akasema anajisikia mzima, na hela ya kwenda na kurudi imekwisha. Hakurudi kwenye ya nne. Nilimpigia simu, akasema akivuna mpunga atavuka. Alifariki kabla ya mavuno. Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025 nilipita juu yake kwa basi nikiwa nimefunika uso kwa kanga, nikikumbuka alivyokuwa akisubiri kivuko na mfuko wake wa vyeti.

Shemeji yangu mmoja alisema mbele ya watu, kiwanja cha Buswelu kinauzwa kwa ajili ya maiti. Kiliuzwa. Maiti anaandika haya, na mwezi uliopita kipimo kilikuwa safi. Najua ugonjwa huu hupenda kurudi, hasa ukishafika hatua ya tatu, ndiyo maana tarehe ya kliniki kwangu ni kama tarehe ya harusi.

Basi sikilizeni. Tumbo likijaa wiki tatu mfululizo, nenda altrasaundi. Ukipewa dawa za vidonda mara ya pili bila nafuu, usizichukue, dai altrasaundi. Ukianza dozi, maliza dozi, hata kama unajisikia unaweza kubeba gunia. Homa ikikupata katikati ya dozi usiisubiri asubuhi, nenda usiku huohuo, kinga ya mwili inakuwa imeshuka. Bima ikatwe ukiwa mzima. Na ulizeni habari za ukoo. Shangazi yangu wa Magu alikufa na "tumbo la maji" mwaka 1998, tukasema amefanyiwa. Sikujua kwamba urithi wa saratani ya ovari na ya matiti unaweza kupita hata upande wa baba. Mabinti zangu sasa wanajua, na daktari wao anajua.

Mnaosema mtafunga na kuomba, fungeni, mimi pia nilifunga. Lakini nilifunga nikiwa na kadi ya kliniki mkononi.

Yule binti amenijibu jana. Wanapanda meli Alhamisi asubuhi. Nimemwambia abebe makaratasi yote na maganda ya kila dawa aliyomeza mama. Wakishuka, mama anywe maji mengi na abane mkojo, ili kipimo kione vizuri. Nitawasubiri bandarini na bajaji, nimevaa kitenge cha kijani.