Kabla ya kupanda basi la Kotor, soma stika ya visa yako

Mkuu uliyeomba ushauri wa safari yenu ya Ulaya, hoteli na hali ya hewa ya Septemba ulivyouliza vitasubiri. Umeandika mtaanzia Budapest, Hungary, mtashuka Dubrovnik, Kroatia, halafu "siku moja tu" mtapanda basi la matembezi hadi Kotor, Montenegro, jioni mrudi. Hiyo siku moja ndiyo iliyonitoa roho mimi.

Fungua pasipoti sasa hivi. Kwenye stika ya visa ya Schengen, yaani lile kundi la nchi za Ulaya zinazotumia visa moja, kuna sehemu ya idadi ya kuingia. Ikiwa MULT, yaani kuingia mara nyingi, endelea na maisha yako. Ikiwa 01, unaingia mara moja, basi. Kroatia imo Schengen tangu 1 Januari 2023, Montenegro haimo. Ukivuka kwenda Kotor umeshatoka, na 01 yako imekufa hata kama siku zako za kukaa bado zipo.

Nilipofanya safari kama hiyo mimi, wakala wangu wa safari, mwenye kiyoyozi na ramani kubwa ya dunia ukutani, aliniambia, "Bosi, Montenegro wanaipokea visa ya Schengen, ondoa shaka." Na ni kweli wanaipokea, unakaa hadi siku 30! Ubaya wake ndio huo: wakati wa kwenda hakuna anayekuzuia. Afisa wa Kroatia kagonga mhuri wa kutoka, wa Montenegro kagonga wa kuingia, wote wapole. Nikapanda ngome ya Kotor, nikapiga picha ile ghuba, nikala samaki, najiona mtalii kamili. Jioni mpakani abiria wote wakapita, nikashushwa mimi, visa yangu ilikuwa 01.

Mke wangu alikuwa na MULT kwa sababu ya safari zake za kikazi Ujerumani. Tukaagana pale kama filamu ya Kihindi. Yeye akaenda kulala kwenye chumba kinachotazama bahari, nilichokilipia mimi. Mimi na kaptura yangu tukarudi Kotor kutafuta kitanda. Chekeni tu, nyumbani wameshacheka sana.

Tiketi yangu ya kurudi ilianzia Vienna, Austria, nayo imo Schengen, ambako sikuwa na ruhusa ya kukanyaga. Nikanunua nyingine, kutoka Podgorica, mji mkuu wa Montenegro, kupitia Istanbul hadi Dar, kwa bei ya mtu asiye na ujanja. Hela ile ilikuwa ya kupaua nyumba Kibaha. Nilipomfuata wakala akanijibu eti niliuliza kuingia Montenegro, sikuuliza kurudi Kroatia. Sikumgusa. Nina watoto wa kulea.

Halafu acheni kudhani Ulaya yote ni Schengen. Daraja la Mostar mnalolisifia liko Bosnia, nje. Uingereza, Ireland na Cyprus, nje. Mkitoka Split, hukohuko Kroatia, kwa basi kwenda Dubrovnik, ulizeni njia kabla ya kukata tiketi: zamani ilikuwa lazima kupita Neum, kipande cha pwani cha Bosnia. Tangu Julai 2022 lipo daraja la Pelješac, mnapita juu ya bahari bila kutoka Kroatia, ila yapo mabasi ambayo bado yanapita Neum.

Mnataka boti? Kisiwa cha Lokrum kiko dakika kama 15 tu kutoka bandari ya zamani ya Dubrovnik, tausi wanajizurulia, ila kulala huko marufuku. Kisiwa cha Lopud hakuna magari, na ufukwe wa Šunj una mchanga, jambo adimu pwani ile ya mawe. Huko mnaweza kulala hata wiki, na bado mko Kroatia. Mabafu ya maji moto ya Budapest nendeni Széchenyi, bebeni kandambili. Mengine uliyouliza wadau watakujibu.

Kama hujaomba visa, kwenye fomu, sehemu ya idadi ya kuingia, chagua "mara nyingi", na kwenye ratiba andika wazi kwamba mtatoka kwenda Kotor na kurudi Dubrovnik. Na wakikupa, soma tena, maana kuomba MULT si kupewa. Kama imeshatoka na ni 01, Kotor futa, usibembeleze. Piga picha ya stika, funika jina na namba, itupie hapa tuione kabla hujalipia hilo basi.