Kuhusu Ross na Counsell

Ndugu yangu, unauliza kama Cubs, timu yetu ya besiboli ya Chicago, walikosea kumtimua kocha David Ross na kumleta Craig Counsell kutoka Milwaukee Brewers mwishoni mwa 2023. Ross aliondoka akiwa ameshinda mechi 83 msimu huo. Counsell, kwa dola zaidi ya milioni 40 za miaka 5, akamaliza 2024 na 83 zilezile! Brewers wakampa timu msaidizi wake, Pat Murphy, wakashinda 93 na kubeba ubingwa wa kundi letu. Imeniuma mpaka leo.

Ila kocha hashiki gongo. Usajili uliolipa ni Shota Imanaga, mrushaji kutoka Japani: ushindi 15, vipigo 3. Kwenye upigaji tulimpata Michael Busch, na Cody Bellinger tuliyekuwa naye tukamrudisha tu.