Mbegu za maua pori ya vitunguu: usimwage hicho kikopo bado

Mkuu uliyesema uliokota matunda mekundu kwa mama yako Kisarawe, ukapanda mbegu, huu ni mwezi wa pili tangu upande na huoni kitu, na sasa unafikiria kumwaga udongo ukachimbe vitunguu vya maua hayo msituni: tulia kwanza. Ua ulilolieleza, lile duara kubwa jekundu linaloibuka ardhini vuli ikianza, kwa jina la kitaalamu ni Scadoxus multiflorus. Ninayo uani kwangu hapa Dar, yote nimeyaotesha kwa mbegu, na ukimya huo ndio tabia yake.

Mbegu hii haianzi na jani. Kinatoka kimzizi kinene cheupe, kinajipinda kwenda chini, halafu ncha yake inavimba inakuwa kitunguu. Jani linafuata baadaye sana, wiki kadhaa au hata miezi. Chukua njiti ya meno, sogeza udongo kidogo pembeni ya mbegu moja tu, usifukue zote. Ikiwa ngumu na rangi yake ya maziwa ipo, ni nzima. Ikiwa imelainika, imekuwa ya kahawia na inanuka, itoe isiozeshe wenzake.

Hujasema kama ulizianika, na hapo ndipo wengi wanapoharibikiwa. Mchicha na nyanya zimetuzoesha kuanika mbegu, kuzifunga kwenye karatasi na kusubiri msimu. Hizi zina maji ndani, zikikauka zimekufa. Zikikaa juu ya kabati mwezi mzima kabla ya kupandwa, hata umwagilie vipi hazitafufuka.

Mimi nasubiri tunda liwe jekundu kabisa na likibonyezwa linabonyea. Nalibinya ndani ya bakuli la maji. Nyama yake inateleza kama bamia, kwa hiyo naisugua mbegu kwa kitambaa mpaka utelezi wote uishe, maana nyama ikibaki ukungu unaanzia hapo hapo. Mara nyingi tunda lina mbegu moja, mara chache mbili au tatu. Vaa glavu, utomvu wake unawasha, na mmea wenyewe ni sumu kuanzia kitunguu hadi tunda. Watoto na mbuzi wawe mbali.

Udongo: mchanga wa mto nusu, mboji ya majani yaliyooza nusu. Mchanga wa ufukweni achana nao, una chumvi. Mbolea ya kuku mbichi nayo inaunguza. Tumia chombo kirefu, kopo la rangi la lita 4 lililotobolewa chini linafaa kuliko kiriba kifupi, kwa sababu mizizi ya vitunguu hivi hujikunja na kukivuta kitunguu chini mwaka hadi mwaka. Mbegu usiifukie. Ibonyeze tu juu ya udongo, nusu ibaki nje, weka kopo chini ya mwembe au popote jua la mchana halifiki. Halafu funika na wavu. Kunguru wa mji huu hawahitaji sababu ya kung'oa kitu, wanang'oa tu.

Maji ni unyevu wa kawaida, udongo usilie maji. Mwaka wa kwanza utapata jani moja, pengine mawili, na usitegemee zaidi. Masika ikiisha, kuanzia Juni hivi, jani linaweza kuanza kuwa njano. Watu wakiona hivyo wanaongeza maji, kumbe kitunguu kinaingia usingizini na maji hayo ndiyo yanayokiozesha. Punguza, jani likikauka acha kabisa, sogeza kopo chini ya upenu. Likibaki kijani, endelea kumwagilia kidogo kidogo, usililazimishe kulala. Vuli ikirudi, rudisha maji. Ua ni kuanzia mwaka wa tatu hadi wa tano. Ndiyo, ni muda mrefu, na ukitaka maua ya sikukuu ijayo nenda kwa wauza maua wa barabarani.

Ukitaka kitu cha kukutia moyo wakati unasubiri, tafuta mbegu za Crinum, yungiyungi kubwa la maeneo ya majimaji. Ni nene, haina ganda gumu, na inaota hata ukiisahau juu ya dirisha bila tone la maji. Ilaze juu ya mchanga, basi. Adui yake ni viwavi weusi wenye madoa meupe na njano wanaotafuna jani kutoka ndani, ukiwaona watoe kwa mkono siku hiyo hiyo.

Gloriosa, lile ua linalopanda kwa ncha za majani yake, ni kinyume: mbegu ni ngumu, inalala miezi, na moja inaweza kuota wakati jirani yake anasubiri mvua nyingine. Kiazi chake kina kolkisini, sumu inayoua mtu mzima. Usikiache kiholela karibu na jikoni.

Sasa hilo la kuchimba. Pugu-Kazimzumbwi ni hifadhi ya msitu iliyo chini ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, huingii na jembe. Halafu angalia Kitulo, ule uwanda wa juu wa maua kusini mwa nchi: viazi vya okidi vilichimbwa kwa wingi mno kupelekwa Zambia kutengenezea chikanda, chakula cha huko kinachopikwa kwa viazi hivyo, na hilo lilichangia kufanya eneo lile kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005. Kitunguu ukikichimba kikiwa na ua, umekata mizizi wakati kinaihitaji zaidi, na kikifika mjini kinaweza kugoma kuchanua msimu unaofuata au zaidi. Shina moja la kwa mama yako linatoa matunda mengi kwa mara moja. Mwambie asifyeke pale mpaka yaive, chukua kiasi, osha na upande wiki hiyo hiyo.